Mlima Una Sapu, Uhai Hauna

Karatasi ya majina imeshaanza kupita madarasani. Likizo ndefu inakaribia, na kama mwaka jana, kuna kundi linajiandaa kwenda kupanda Kilimanjaro. Nimeishika mwenyewe mkononi. Ina safu ya jina, safu ya kozi, safu ya namba ya simu, na safu ya mwisho imeandikwa "saizi ya fulana". Hakuna safu ya kuuliza nani ana pumu, nani ana selimundu, nani anameza dawa za presha. Fulana ndiyo iliyofikiriwa kwanza.

Siandiki haya kumkataza mtu kwenda. Nendeni. Mlima ni wetu, na ada za hifadhi kwa Mtanzania ni ndogo sana ukilinganisha na anazotozwa mgeni, kwa hiyo kisingizio cha kwamba ule ni mlima wa Wazungu hakina mashiko. Ninachotaka kusema ni kimoja tu: tusipojifunza kumheshimu anayerudi njiani, iko siku tutamrudisha mtu wetu ndani ya jeneza. Nalisema hili kwa sababu mwaka jana tulikaribia, na mimi nilikuwa na mkono wangu ndani yake.

Tulikuwa saba. Kwa mtu wa Unguja ukishavuka maji umeshasafiri. Pasi huulizwi, lakini ugenini ni ugenini. Tulipanda boti asubuhi mpaka Dar, kesho yake basi kutwa nzima mpaka Moshi. Ilikuwa Agosti. Kipupwe cha kwetu ni cha kujifunika shuka moja na kusema "leo baridi". Makoti tulinunua Darajani kwenye mitumba, na mmoja wetu alikuja na jinzi mbili akiamini zinatosha.

Moshi tuliambiwa kwamba njia ya Marangu inapandwa kwa siku tano au sita. Siku ya sita ni ya kukaa tu Horombo, unalala pale pale mara mbili ili mwili uzoee. Tukakaa tukapiga hesabu. Siku moja zaidi ni fedha ya hifadhi, fedha ya chakula, fedha ya waongozaji na ya wagumu, maana ndivyo wapagazi wa mlima ule wanavyojiita. Bumu lilikuwa limeshakatika. Mtu akasema, "Kupumzika tutapumzika nyumbani." Tukacheka. Tukapiga kura, saba kwa sifuri. Mimi nami nilinyoosha mkono.

Hebu tuzitazame namba za kura ile, kwa sababu hakuna aliyetuonesha kabla. Kibanda cha Mandara kipo kwenye mita 2,720 hivi. Horombo ni 3,720. Kibo ni 4,720. Yaani kwa siku tano unalala kila usiku mita 1,000 juu ya ulipolala jana. Sasa ushauri wa madaktari wa milima ni kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Sie tulikwenda mara mbili ya kiasi hicho, na siku ya kupumzika ndiyo tuliyoiuza. Na tulitoka wapi? Masingini, mahali palipo juu kuliko pote Unguja, hapafiki hata mita 150. Chuo chetu hapa Chukwani unasikia mawimbi. Hakuna mwili ulio mbali na mlima kuliko wa mtu wa kisiwani.

Wengi wanadhani tatizo la kule ni kukosa mazoezi. Si hivyo. Juu ya mlima hewa ni ile ile, sehemu ya oksijeni ndani yake ni ile ile, lakini mgandamizo wake umepungua. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi unayovuta ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa ufukweni. Mwili una njia zake za kujirekebisha: unapumua haraka zaidi, figo zinafanya kazi yake, damu inabadilika kidogo kidogo. Lakini kazi hiyo inataka siku. Msuli wa mpira hauifupishi. Tena kijana mwenye nguvu yuko hatarini zaidi kwa namna moja, kwa sababu miguu yake inamfikisha haraka pale ambapo ubongo na mapafu yake hayajafika.

Dalili za mwanzo ni za kawaida kabisa: kichwa kinauma, chakula hakitaki kushuka, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi hauji. Hapo unasimama, unakaa ulipo, hupandi mpaka zipoe. Ukilazimisha, kuna mawili yanaweza kukufika. La kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anayumba kama mlevi, anachanganya maneno, anataka kulala asiamshwe. La pili ni maji kujaa kwenye mapafu: mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, mwisho anatoa povu lenye damu. Haya mawili yanaua, na yanaweza kuua ndani ya saa chache. Tiba ya kwanza ni moja, kushuka. Dawa na oksijeni ni za kusaidia tu. Unashuka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na kilele kipo mbele ya pua.

Mwenzangu alianza kuumwa na kichwa Horombo. Ameniruhusu nimuandike bila kumtaja jina. Tulikuwa tumelala kwenye kibanda kimoja, akaniambia kwa sauti ya chini, "Yakhe, kichwa kinanigonga. Usimwambie mtu." Akameza Panadol mbili. Asubuhi mwongozaji wetu, mzee mmoja mpole ambaye tangu getini alikuwa akituuliza mambo yale yale matatu, akapita na maswali yake: vipi kichwa, umekula, umelala? Mwenzangu akajibu, "Niko freshi, mzee." Mzee akanitazama mimi. Nikasema, "Yuko poa."

Kibo, jioni ile, aliletewa supu hakuiweza. Mzee alikuwa anapita meza kwa meza kuangalia sahani. Basi mimi nikaivuta sahani ya mwenzangu nikainywa ile supu yote, ili mzee akija aione tupu. Wakati ule niliona nimemtendea wema.

Tulitoka karibu na saa sita za usiku. Ndivyo inavyofanywa, unapanda gizani kwa tochi ya kichwani ili ufike juu na jua. Baridi ile siwezi kuieleza kwa mtu wa hapa. Chupa yangu ya maji iliganda mdomoni, jinzi ya yule jamaa ikawa ngumu kama kadi. Tulipokaribia pango la Hans Meyer, kwenye mita 5,150 hivi, mwenzangu alikaa juu ya jiwe. Nikamwambia twende. Akanitazama, akaniuliza kama daladala limeshapita.

Nilicheka. Wallahi nilicheka, nikidhani ananitania. Mzee hakucheka. Alimwinua, akamulika chini, akamwambia atembee hatua chache kwa mstari, kisigino kikigusa vidole. Hatua ya pili alianguka ubavu. Mzee hakusema neno jengine, akamwita msaidizi wake na kumwambia, "Shuka naye. Usisimame Kibo, nenda naye mpaka Horombo." Ndipo akanigeukia mimi. "Kichwa kimemuanza lini?" Nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Alinyamaza tu, na ule unyamavu wake ninao mpaka leo.

Mimi niliendelea kupanda. Nilifika Gilman's, kwenye ukingo wa mdomo wa mlima, nikapiga picha, nikashindwa kwenda mbele zaidi. Watatu wetu walifika Uhuru. Wakati ninapiga picha ile, mwenzangu alikuwa amefungwa kwenye machela ya gurudumu moja, anasukumwa gizani na wagumu wawili ambao mmoja wao, nilikuja kuona, hakuwa na glavu. Alipofika Horombo akaanza kujua jina lake. Mchana tulipomkuta alikuwa anakula bisi na chai, amechoka, mzima. Alhamdulillah. Mzee aliniambia kwamba lau angeachwa akalala pale juu ya jiwe, pengine asingeamka.

Mngedhani tuliporudi chuoni tulijifunza. Tulivyorudi, sie tuliofika juu tulipigiwa makofi. Picha yangu ya Gilman's ilizunguka kwenye magrupu yote. Yeye alipewa jina. Akiingia kwenye daladala la chuo, watu wanamwita "Nusu Nauli", kwamba alilipa safari nzima akapanda nusu. Jina lile lilidumu muhula mzima. Nami, nilieinywa supu yake, sikuwahi kusimama hata mara moja nikasema hadithi ilivyokuwa. Ndiyo maana naiandika leo.

Kwa sababu hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Mlima ulifanya kazi yake ya mlima. Kilichomfanya mwenzangu aseme "niko freshi" ilhali hayuko freshi ni kulijua jina hilo hata kabla hatujamwita. Alijua atakaporudi ataulizwa, "Ulifika?" na kwamba jibu ni ndiyo au siyo, hakuna la tatu. Alikuwa amechangiwa na jamaa zake. Alikuwa amebeba bango la kozi yake kwenye begi. Na siku hizi hakuna hata muda wa kurudi nyumbani ukajieleza: tangu Agosti 2022 intaneti ya kasi imezinduliwa Horombo, kwa hiyo watu wanakusubiri kwenye stetasi kabla hujashuka. Intaneti ile ni jambo jema, inaweza kumuita mwokoaji. Lakini inaweza pia kumsukuma mgonjwa apande.

Na msidhani haya ni ya wanafunzi wenye makoti ya mitumba peke yao. Mwezi Julai 2016 Gugu Zulu, dereva wa magari ya mashindano aliyekuwa maarufu sana Afrika Kusini, alikuja kupanda Kilimanjaro na kundi la kumuenzi Mandela. Alikuwa na umri wa miaka 38, mwanamichezo, ana wenzake, wana madaktari pamoja nao. Akapata shida ya kupumua huko juu, akatundikiwa dripu, akateremshwa. Alifariki tarehe 18 Julai. Kama mtu wa namna ile anaweza kushindwa, sie ambao mazoezi yetu ni kukimbilia daladala asubuhi tujione wapi?

Tarehe hiyo hiyo 18 Julai sisi Wazanzibari tuna yetu. Mwaka 2012, siku kama hiyo, MV Skagit ilitoka Dar kuja Unguja katika upepo mkali na mawimbi makubwa ya kusi, ikapinduka karibu na Chumbe. Chumbe ni kile pale, ukishuka ufukweni hapa Chukwani unauona na mnara wake wa taa. Chini ya mwaka mmoja kabla yake, Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imejaa watu kupita kiasi. Zaidi ya watu 200 walithibitika kufa kwa Spice Islander peke yake, na wengi zaidi hawakuonekana tena. Hakuna mtaa wa Unguja au Pemba ambao haukuguswa. Baadhi yetu tulikuwa skuli ya msingi, tunakumbuka madawati yaliyobaki matupu.

Nazitaja kwa sababu watu wa bahari hili tunalolitaka mlimani wanalijua zamani. Nendeni kwa wavuvi wa hapa hapa, asubuhi ya kusi kali, muwakute wamekaa juu ya mchanga wanashona nyavu. Muulizeni nahodha mbona hakwenda. Atakwambia bahari imechafuka, basi. Hakuna anayemwita muoga, na mkewe hamwiti Nusu Nauli. Tena nahodha anayesifiwa baada ya miaka 40 ni yule aliyewarudisha mabaharia wake wote. Na siku boti za abiria zinapozuiliwa kwa sababu ya upepo, tunalalamika bandarini, tunakosa kipindi, lakini tangu 2012 tunajua kwa nini. Sasa inakuwaje mtoto wa nahodha huyo, akivuka maji na kuuona mlima, anasahau yote aliyolelewa nayo?

Hata historia ya mlima wenyewe ni historia ya watu waliorudi. Hans Meyer, Mjerumani anayeandikwa vitabuni kuwa wa kwanza kufika kileleni, mwaka 1887 alipanda akaishia kwenye ukuta wa barafu, akageuka. Mwaka 1888 alishindwa hata kuufikia, maana alikamatwa pwani na watu wa Abushiri wakati wa vita vya kuwapinga Wajerumani, akajikomboa kwa fedha. Mwaka 1889 alirudi tena, yeye na Ludwig Purtscheller. Tarehe 3 Oktoba walifika kwenye ukingo wa mdomo wa mlima, wakaona kilele kiko mbele zaidi, nguvu zimekwisha na muda umekwenda. Walifanya nini? Walishuka. Wakapumzika, wakajaribu tena, na tarehe 6 Oktoba wakafika. Yaani siku ya tarehe 3 walikuwa wameona kwa macho yao pale wanapopataka, na bado waligeuka. Kwa kipimo chetu cha chuoni, mtu wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro alikuwa Nusu Nauli mara mbili.

Na hakuwa peke yake. Alikuwa na wapagazi na waongozaji, wakiwemo Waswahili wa pwani yetu, ambao majina yao vitabu vingi haviyataji. Miaka 72 baadaye Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge kule juu, usiku wa kuamkia tarehe 9 Disemba 1961, naye hakubebwa na ushujaa mtupu. Mlima unapandwa kwa maandalizi. Picha tu ndiyo inayoonesha mtu mmoja.

Najua majibu yatakayokuja, nimeshayasikia barazani.

La kwanza: "Hiyo ni kazi ya mwongozaji." Kweli, na mzee wetu aliifanya, ndiyo maana mwenzangu yuko darasani leo. Lakini mwongozaji hana mashine ya kusoma kichwa chako. Ana maswali matatu na sahani. Ukimdanganya kwa maneno na rafiki yako akakunywea supu, mmemfunga kitambaa cha macho. Na kumbukeni kuwa ukianguka, wanaokubeba ni vijana wa rika lako, kwenye baridi ile ile, kwa malipo madogo. Ubishi wako ni mzigo mgongoni mwa mwengine.

La pili: "Ajali ni kadari, kila mtu ana siku yake." Sibishani na kadari. Lakini sote hapa tumefundishwa madrasa kisa cha ngamia: mfunge kwanza, kisha tawakali. Siku ya sita ya Horombo ndiyo kamba ya ngamia yetu, nasi tuliiuza kwa kura saba kwa sifuri. Baada ya hapo kusema "Mungu alitaka" ni kumsingizia.

La tatu ndilo zito, na sitalipuuza: fedha. Siku moja zaidi kwa mwanafunzi wa bumu si kitu kidogo. Nakubali. Lakini tazameni tulivyotumia fedha zetu mwaka jana. Tulikuwa na fulana za safari, mbele jina la kozi, nyuma picha ya mlima. Tulikuwa na bango. Tulifanya sherehe ya kuagana yenye biriani. Ukivijumlisha vyote hivyo, siku ya sita ilikuwemo au ilikuwa karibu. Na kama haimo, basi kuna jawabu la heshima zaidi kuliko kupunguza siku: ahirisheni mwaka. Au pandeni mpaka Mandara na kreta ya Maundi, mrudi. Mtakuwa mmeuona msitu, mmeiona baridi, na mmelala nyumbani kwenu na akili zenu.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyaomba kwa kamati ya safari na kwa serikali yetu ya wanafunzi, kabla karatasi ile haijajaa.

Kwanza, siku sita zisiwe jambo la kupigiwa kura. Ziandikwe juu ya karatasi. Asiyeweza kuzilipa asubiri, na mfuko wa safari umsaidie kabla ya fulana.

Pili, kila anayekwenda aonane na daktari kabla ya kulipa. Mwenye selimundu asiende huko juu kabisa, na ambaye kwao kuna selimundu apimwe ajijue kama amebeba, maana hata mbebaji anaweza kupata madhara ya bandama kwenye mwinuko mkubwa. Mwenye pumu, moyo au mimba asikilize daktari na si marafiki. Kuna dawa inayosaidia mwili kuzoea, acetazolamide, wengi wanaijua kwa jina la Diamox. Aiandike daktari, usipewe na jirani kwenye basi. Na jueni kwamba Panadol inanyamazisha kichwa tu, ugonjwa uko pale pale unaendelea na kazi yake.

Tatu, kila mtu apewe mwenzake wa kumtazama, wawili wawili, na waapishwe jambo moja: siri ya maradhi haiwekwi. "Usimwambie mtu" ni neno zuri kwenye mambo ya posa. Mlimani ni neno la kuua. Anayemsemea mwenzake kwa mwongozaji hajamsaliti.

Nne, na hili halina gharama yoyote: tukirudi, tubadilishe swali. Tusiulize "Ulifika?" Tuulize "Mmerudi wote?" Cheti cha makofi wapewe wote waliotoka getini na wakarudi getini, na anayeteremka kwa sababu amejua mwili wake umekataa apewe makofi ya kwanza. Likija jina la kumkejeli, wa kwanza kulikataa awe yule aliyefika kileleni. Mimi nilikuwa na nafasi hiyo mwaka jana nikaikalia.

Sisi wanafunzi tunalielewa jambo hili kuliko watu wote, tatizo hatulihamishi. Mtu akishindwa somo hapa, hatumchimbii kaburi. Anachukua sapu, anasoma tena Agosti, anarudi kwenye mstari. Wako walimu wetu wanaofundisha leo masomo waliyowahi kuyachukulia sapu, na wanatueleza wenyewe wakicheka. Kilimanjaro nacho kina sapu. Kimekaa pale kabla ya Meyer na kitakuwepo baada yetu. Barafu itapungua, lakini jiwe haliendi popote. Ukirudi Kibo mwaka huu utapanda mwaka ujao, au ukishaajiriwa, au na wanao. Uhai hauna sapu.

Juzi niliipitia tena ile karatasi ya majina. Mstari wa saba kuna jina la mwenzangu. Ameandika jina lake kamili kwa kalamu ya wino, na kwenye safu ya fulana ameandika, "Siku sita, fulana baadaye." Nimemuuliza kama ana hakika. Akaniambia kilele hakimuumizi kichwa tena, anataka kwenda kuona jua likichomoza pale lilipomkosa, na likimkosa tena atashuka akanywe chai Horombo. Kisha akaniuliza kama na mimi nakwenda.

Nimeandika jina langu chini ya lake, na nimemuomba tupangwe wawili. Safari hii supu yake ataimaliza mwenyewe, na asipoiweza, mzee atajua kutoka kwangu.